Je, Wajua Kwa Nini Katlesi za Mboga Hupasuka Kwenye Mafuta?

Saa kumi na moja jioni, Mwanza. Upepo wa ziwani umeanza kupanda huku juu kwenye mawe, chai imeshaiva, na mafuta yamepata moto kwenye karai. Unaitumbukiza katlesi ya kwanza, imekaa duara vizuri, umeihangaikia saa nzima. Inatulia kidogo. Mara ufa unatokea pembeni, mafuta yanaanza kuruka, njegere zinachomoka moja moja, na muda si mrefu karai lote ni uji wa viazi unaoelea kwenye mafuta yaliyochafuka.

Karibu kila aliyejaribu kupika katlesi za mboga nyumbani ameyaona haya. Na swali huwa lilelile: mbona za akina mama wa Kihindi pale mjini hazipasuki, tena wengi wao hawatii hata yai?

Ninazozungumzia ni zile za mboga tupu. Viazi mviringo vilivyopondwa, karoti, njegere, pengine kabichi au maharage machanga, viungo, kisha zinabonyezwa ziwe bapa, zinapakwa chenga za mkate na kukaangwa. Kaskazini mwa India zina ndugu yake wa mtaani aitwaye alu tiki, alu ikiwa ni kiazi. Zetu zilizozoeleka zina nyama ya kusaga katikati, na hizo zina uafadhali kidogo, kwa sababu nyama inakuwa imeshakaushwa kwenye kikaango kabla ya kufunikwa na viazi. Mboga ndizo zenye matata.

Jibu ni maji. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80, karoti inakaribia asilimia 88, kabichi inafika 92. Mafuta ya kukaangia yakiwa tayari huwa kwenye nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Maji yakikutana na joto hilo yanageuka mvuke papo hapo, na tone la maji likigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Yale mapovu unayoyaona yakiizunguka katlesi ni mvuke unaotafuta njia ya kutoka. Ukiwa kidogo, unapenya taratibu kwenye vitundu vidogo vya ganda na katlesi inabaki salama. Ukiwa mwingi kuliko njia zake, unatafuta mahali dhaifu na kupapasua. Mahali hapo ni ule ufa mdogo wa pembeni ulioachwa na kidole chako wakati wa kuviringa.

Kwa hiyo anayepika katlesi anashughulika na maji tangu sokoni mpaka mezani. Hapo ndipo wenzetu wanapotuzidi.

Tuanze na kiazi chenyewe. Viazi mviringo vingi tunavyokula Mwanza vinakuja kwa malori kutoka nyanda za juu kusini, Mbeya na Njombe, na kwenye sado moja unaweza kukuta aina mbili au tatu zimechanganywa. Kuna kiazi cha unga, ambacho kikiiva kinapasuka ngozi na kumumunyuka, na kuna kile kinachobaki kigumu, kinateleza, kinafaa mchuzi. Katlesi inataka cha unga, kwa kuwa kina wanga mwingi na maji kidogo. Ukitaka kuvitenganisha, koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, kisha tumbukiza viazi vibichi. Vya unga ni vizito, vitazama. Vya majimaji vitaelea. Mimi hulifanya jaribio hili mbele ya watoto, na ndio siku pekee wanayogombania kuosha viazi.

Kisha vichemshe na maganda yake, vizima. Ukivimenya na kuvikata ndipo uvichemshe, umefungua milango ya maji kuingia. Na usiwe na haraka navyo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar es Salaam au Tanga. Kiazi kinachoiva kwa muda fulani kule pwani kitahitaji dakika kadhaa zaidi hapa kwetu. Hata ukiongeza mkaa maji hayo hayapandi zaidi ya hapo, labda ufunike kwa sufuria ya presha. Kiazi kisichoiva vizuri katikati huacha vidonge vigumu ndani ya rojo, na kila kidonge ni mwanzo wa ufa.

Vikiiva, mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo kwa dakika moja au mbili uvitikise vikauke, halafu menya na uponde vikiwa bado vya moto. Vikiwa vya moto mvuke unatoka wenyewe, unauona ukipanda usoni. Ponda kwa mwiko au kwa uma, kwa upole. Usitie kwenye blenda hata kama umechoka. Wanga wa kiazi umehifadhiwa ndani ya vijumba vidogo mno, na blenda inavivunja vyote; wanga unamwagika na rojo linageuka gundi, linavutika kama ulimbo. Gundi hiyo haikai kwenye katlesi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha somo lote.

Tuliwahi kuishi jirani na mama mmoja Mgujarati aliyekuwa akichemsha viazi vyake asubuhi, mara tu baada ya chai. Katlesi alizikaanga jioni. Viazi vilivyopondwa vilikaa kwenye bakuli pana, vimefunikwa kitambaa chembamba mpaka vipoe, kisha kwenye friji mchana kutwa. Nilidhani ni utaratibu wa kugawa kazi tu, mpaka siku aliponiona nikiviringa viazi vya moto.

"Mwanangu, hivyo bado vinapumua," aliniambia. "Acha vilale kwanza."

Maneno yake yana maelezo yake ya kisayansi. Kiazi kinapochemka, chembe za wanga zikifika nyuzi 60 hadi 70 hivi zinaanza kunywa maji na kuvimba, ndiyo maana kiazi kinalainika. Wakati huo nyuzinyuzi za wanga zimelegea, zinaogelea, na maji yako huru kati yake. Kikipoa, nyuzinyuzi zile zinaanza kushikana upya, zinajipanga na kujifunga, na maji mengi yanabaki yamenaswa humo ndani. Ni kama ugali. Ukiwa wa moto unaukata kwa kijiko tu, lakini kiporo cha ugali unakikata kwa kisu na vipande vinasimama. Kiporo hicho hakijapoteza maji mengi usiku. Yamefungwa tu, wanga wenyewe umeyashika.

Maji huru ndiyo yanayopasua katlesi. Yaliyofungwa yanatoka polepole na kuiacha katlesi laini ndani. Saa moja ya kupoa inasaidia, saa mbili au tatu ni bora zaidi, na viazi vilivyolala kwenye friji vinafinyangika kama udongo mzuri wa mfinyanzi. Ila viwekwe kwenye baridi vikiwa vimeshapondwa. Viazi vibichi visikae kwenye friji, kwa sababu baridi hugeuza sehemu ya wanga wao kuwa sukari, na sukari inaungua: utapata katlesi nyeusi nje, yenye uchungu, ndani bado haijapata moto.

Mboga zina tabia yake. Karoti iliyokwanguliwa na kabichi iliyokatwa nyembamba zinaonekana kavu ubaoni, lakini zikikutana na chumvi zinatoa maji, kwa kuwa chumvi huyavuta kutoka ndani ya mboga. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchanganya kila kitu pamoja, viazi, mboga na chumvi, halafu kuacha bakuli aende kupokea simu. Akirudi anakuta rojo limelegea, anaongeza unga, kisha unga tena, na katlesi zinakuwa na ladha ya chapati mbichi. Nyunyizia mboga chumvi peke yake kwanza, ziache robo saa, kisha zikamue kwa mikono au kwenye kitambaa safi. Utashangaa maji yatakayotoka. Njegere zichemshwe, zichujwe, zitandazwe kwenye sahani zikauke. Kitunguu kikaange kidogo pamoja na tangawizi na kitunguu saumu mpaka unyevu uishe. Giligilani ukiosha, ipepete ikauke kabla ya kuikata.

Kwa kilo 1 ya viazi, gramu 300 hivi za mboga zinatosha, na utapata katlesi kama 18. Ukizidisha mboga, wanga unakosa nguvu ya kuzishika. Vijiko 2 au 3 vya chenga za mkate mkavu ndani ya rojo vinanyonya unyevu uliosalia. Viungo ni binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, manjano kidogo, garam masala, na pilipili kadiri ya nyumba yenu. Ndimu usiikamulie ndani. India wengi hutumia unga wa embe bichi lililokaushwa kupata ukali huo, na sababu mojawapo sasa unaielewa: ni ukali usio na maji. Sisi ndimu tuipeleke mezani.

Hapa niruhusu nitoke jikoni kidogo, maana jina lenyewe lina safari. Katlesi linatokana na neno la Kifaransa côtelette, ubavu mdogo, kipande cha nyama chenye mfupa wake. Waingereza wakalichukua, wakalipeleka India, na wapishi wa kule wakaligeuza kabisa mpaka likawa jina la kitu bapa cha kukaangwa, hata kisichokuwa na nyama. Likaja kwetu likiwa limeshabadilika. Kiazi nacho si cha India wala cha Afrika. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliokifikisha India. Ndiyo maana Wagujarati na Wamaratha, watu wa magharibi mwa India, wanakiita kwa jina la batata, na Zanzibar mpaka leo wanasema mbatata. Neno hilo lilitoka visiwa vya Karibi, na huko lilikuwa jina la kiazi kitamu. Pilipili pia ilitoka Amerika. Ukiitazama hivyo, katlesi ya mboga ni chakula cha Kihindi ambacho nusu ya vitu vyake vilivuka bahari kuifuata India.

Kufika ziwani, njia zake zinajulikana. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaunganisha bandari za ziwa zima. Wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch walikuja na maduka. Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alijulikana kwa mlolongo wa maduka kuanzia pwani hadi Uganda. Reli ya kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928, pamba ya Usukuma ikasafirishwa, na familia za Kihindi zikashika viwanda vya kuchambua pamba na mitaa ya maduka. Hekalu la Wahindu pale Makoroboi kwa miaka mingi lilikuwa katikati ya pilikapilika za wamachinga. Vyakula vilihama kutoka majiko yale na kuingia yetu, na njiani vikabadilishana majina. Kachori kule India ni unga wa ngano uliojazwa dengu na viungo. Ya kwetu ni tufe la viazi lililochovywa kwenye unga wa dengu. Hakuna aliyekosea. Chakula kikihama kinachukua tabia za wenyeji.

Turudi kwenye karai.

Viringa rojo lililopoa kwa kiganja kilichopakwa mafuta kidogo. Maji yasiguse mkono. Bonyeza iwe bapa, unene wa sentimita moja na nusu hivi, kisha izungushe ukingo wake kwa kidole ukiziba kila ufa. Ufa unaouona kwa macho, mvuke umeuona zamani.

Swali la yai nalo lina jibu rahisi. Yai linashika kwa sababu protini zake huganda zikipata joto, zinatengeneza ngozi. Familia nyingi za Kihindu hazili mayai, na wao wametumia wanga kufanya kazi ileile. Koroga vijiko 3 vya unga wa ngano na kijiko 1 cha ule unga mweupe laini wa mahindi wa kupikia kastadi katika nusu kikombe cha maji, uwe mwepesi kama maziwa mazito. Chovya katlesi, churuzisha, kisha igalagaze kwenye chenga za mkate au semolina. Ukishaitia kwenye mafuta, wanga huo unaiva papo hapo na kuwa utando mwembamba unaoshika chenga na kuziba nyufa ndogo. Nimetumia njia zote mbili. Ya yai inatoa rangi nzuri zaidi, lakini ya unga inatoa ganda kavu linalolia ukiling'ata, na kwa katlesi za mboga mimi huchagua hiyo. Ukishazipaka, ziache tena dakika 15 ili chenga zishike.

Mafuta yasiwe baridi wala yasitoe moshi. Yakiwa baridi, ganda linachelewa kukaza, maji yanavuja na mafuta yanaingia. Yakiwa makali mno, nje inaungua kabla ya katikati kupata joto. Chovya ncha ya mwiko wa mti; vipovu vidogo vikiizunguka bila kishindo, yako tayari. Mafuta ya alizeti ya kukamua yasiyosafishwa, ambayo tunayapenda kwa harufu yake, hutoa moshi mapema, hivyo kwa kazi hii yaliyosafishwa yanafaa zaidi. Na usijaze karai. Kila katlesi inapoza mafuta, na kwenye jiko la mkaa huwezi kuongeza moto kwa kugeuza kitufe. Tatu au nne kwa mkupuo, zisiguswe mpaka upande wa chini ukaze, kisha zigeuze mara moja tu.

Ile rangi ya kahawia na harufu inayowatoa watoto nje kwenye michezo hutokea pale sukari na protini zinapoungana kwenye joto la juu, nyuzi 140 na zaidi. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza muungano huo mwaka 1912. Sehemu yenye maji haiwezi kufika joto hilo, kwa sababu maji yakiwepo joto linabanwa kwenye kiwango cha kuchemka mpaka yaishe. Ndiyo maana katlesi iliyopakwa chenga kavu inapata rangi upesi, na ile iliyolowa inabaki imepauka huku ikinywa mafuta.

Wapo Wahindi wasiokula viazi kabisa. Wajaini wanaoshika sana dini yao huepuka mazao yanayong'olewa ardhini, viazi na vitunguu vikiwemo, na katlesi zao wanazipika kwa ndizi mbichi. Sisi wa ziwani tuna ndizi za Bukoba zinazoshuka bandarini, na kwa maoni yangu hii ndiyo katlesi iliyotufaa tangu zamani. Ndizi mbichi imejaa wanga, kwa hiyo inashika vizuri hata kuliko kiazi. Chagua za kijani kabisa, maana zikianza kuiva wanga unageuka sukari. Zichemshe na maganda, zimenye, ziponde zikiwa za moto kwa kuwa zikipoa zinakuwa ngumu kupondeka, kisha endelea kama kawaida.

Viazi vitamu, ambavyo Usukumani tunavyo mpaka tunavikausha kuwa michembe na matobolwa, vinahitaji mkono mwangalifu zaidi. Ndani yake mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari wakati wa kuchemka. Ndiyo utamu wake, lakini maana yake gundi inapungua na sukari ya kuungua inaongezeka. Vichanganye nusu kwa nusu na muhogo uliochemshwa, au tia vijiko vinne vya unga wa dengu uliokaangwa kavu, na upunguze moto kidogo.

Ukishaziipua, kazi bado. Sehemu kubwa ya mafuta huingia ndani baada ya katlesi kutoka kwenye karai. Ikiwa kwenye moto, mvuke unaotoka unayasukuma mafuta nje. Ikianza kupoa, msukumo unaisha na mafuta yaliyoganda juu yake yanafyonzwa. Kwa hiyo itikise vizuri juu ya karai ikiwa bado inatoa sauti, kisha iegeshe kwenye chujio, isimame kwa ubavu, isilaliane na wenzake.

Na usizitie kwenye hotipoti zikiwa za moto. Mvuke unaoendelea kutoka utagonga kifuniko, utageuka matone na kuzidondokea, na ganda ulilolihangaikia mchana kutwa litalainika kabla mgeni hajamaliza kuvua viatu. Ziache wazi kwenye chujio, funika kwa kitambaa chepesi kuzuia inzi, mimina chai, na kamulia ndimu kila mtu kwenye yake.